Tafsiri ya Kunyamaza

Kwamboka alishuka kutoka Nyamira na mtoto wa jicho,
macho yote mawili. Daktari akalifunga moja,
la pili akasema lingoje zamu yake.
Basi usiku, mwanawe akishaenda lindoni,
tukabaki wawili na runinga, hapa Donholm:
yeye masikio, mimi mdomo.

Cha kwanza kilikuwa cha Waingereza wa wizarani.
Waziri anazindua bomba lile lile mara tatu,
kila mara na tai mpya,
na karani nyuma yake ameshika mkasi wa utepe
kama aliyeshika mkono wa mtoto sokoni.
Nilitafsiri mbio mbio, chai ikapoa.
"Huyo namjua," akasema. "Alikuja kwetu mwaka wa mvua nyingi.
Bomba liko. Maji ndiyo hayakualikwa."

Mimi wa Kangundo, yeye wa Nyamira,
Kiswahili chetu kina mashimo, kila mtu na lake,
lakini waziri alipita humo bila kujikwaa.
Jirani wa juu aligonga sakafu kwa sababu yetu.
Mara mbili.

Kisha vikaisha. Kipindi cha ishirini na moja:
majina yakapanda, muziki, giza.
"Ameanguka kura?"
"La, mama. Vipindi vimekwisha."
"Kwani wanasiasa huisha?"

Nikaenda Buruburu kwa Otwoma,
yule wa kibanda cha simu,
nikamwambia nataka Waingereza wengine, wa kuchekesha,
wenye serikali ndani kama wapo.
Akanijazia flashi kwa shilingi mia,
akaapa nisipocheka nirudishe.

Tulianza na kasisi anayeiogopa kwaya yake.
Kwamboka akasikiliza kwa adabu, mikono mapajani,
kama aliye ibadani. Hilo ndilo lilikuwa tatizo.

Tukajaribu wapishi wa jeshi.
Matusi yao mengine sikuyapata,
na niliyoyapata,
nani humwambia mama wa mumewe?
"Wanasema nini?"
"Wanasalimiana."
"Kwa muda wote huo?"

Ofisi ya vitu vilivyopotea ilikuwa afadhali,
mzee anarudi kila wiki kuulizia glavu moja,
ila stima ilikatika kabla hajaipata
na tokeni tulinunua kesho yake, hamu imelala.

Usiku wa Alhamisi nikafungua dada wawili
waliorithi nyumba moja na birika moja.
Mmoja anamimina chai. Mwingine anatazama kikombe.
Hakuna anayesema kitu.
Ukumbi unaangua kicheko.
"Eh, mama Bosire. Tafsiri."
"Wamenyamaza."
"Na watu wanacheka nini?"
"Wanacheka huko kunyamaza."

Nikaona aibu, kama mpishi aliyepakua sahani tupu.
Yeye akageuza uso palepale sauti ilipotoka.
Halafu mabega yakaanza, kisha tumbo,
akaishika bandeji isitoke.
"Ndivyo babake mume wako alivyojibu
nilipomuuliza ng'ombe wa tatu yuko wapi!"

Tulipopumua akauliza wanaocheka wako wapi.
Nikamwambia ukumbini, zamani sana,
wengi wao huenda wameshakufa.
Akafikiri.
"Basi walipata jioni moja nzuri."

Jumanne tulitoa bandeji.
Njiani alisoma kila kibao cha Barabara ya Jogoo
kwa sauti, hata bei ya matairi.
Nyumbani akataka kwanza waziri wake,
nikamrudishia kipindi cha bomba.
Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo.
"Huyu? Mwembamba hivi? Hana hata kitambi?"
Akaisogeza miwani ya jua puani, akairudisha.
"Wangu alikuwa na kitambi. Na kofia."

Akaketi, akafumba jicho jipya,
lile la maelfu, la mchango wa ukoo mzima,
akanigusa goti.
"Anza pale mwanzo," akasema.
"Na usimruke yule wa mkasi."