Jibu Moja Tu

Kishikwambi kimepata moto kiganjani.
Swali la tano ni jina, la nane ni umri,
la kumi na moja kabila, na chini yake
kwa herufi nyekundu: jibu moja tu.

Naanzia Kengeleni, ploti ya marehemu Charo Ngumbao,
vyumba kumi na viwili, mfereji mmoja,
na foleni ya madumu inayowajua watu
kuliko serikali.

Bi Mwanajabu apeta mchele.
"Mchangamwe," asema, uso hakuuinua.
Nateremsha orodha, naipandisha. Hayumo.
"Bi, hapa naona Mswahili tu."
"Wewe Changamwe waijua ya matangi ya mafuta.
Mimi nakutajia watu.
Haya, andika utakacho, mwanangu,
ila usisimame hapo, wanizibia mwanga."

Chumba cha tatu, Nzeyimana wa karanga kajifungia.
Harufu ya karanga yatoka kwa tundu la ufunguo.
"Hayupo," ajibu mwenyewe.
Nikacheka, nikaketi kizingitini,
maana aliyelala hapa usiku ule lazima ahesabiwe,
hata asiyetaka kuwapo.
Mlango ukafunguka upana wa mkono.
Mkono ukanipa karanga katika kipande cha gazeti.
"Andika mtu," ukasema.

Nambari nane, mama kaenda zamu ya usiku bandarini,
baba yuko safari. Mama Mkamba, baba Mbajuni,
jirani wamekwisha kunieleza, pamoja na mengine sikuyauliza.
Nikamwuliza mtoto, kwa mzaha, wewe nani?
"Mimi wa Nambari Nane,"
akarudi kwenye gololi zake.

Juu ya duka la koki na mabomba
Taherali ananikaribisha chai ya tangawizi.
Nabonyeza Mhindi; ananitazama kidole.
"India sijafika," asema. "Nimefika Voi.
Mara mbili."
Mkewe aongeza kutoka jikoni:
"Mara moja. Ya pili gari liliharibika Mariakani."

Kisha Mzee Yusto Feruzi, nyuma ya kanisa,
miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.
Swali langu alilingoja, nadhani, tangu sensa iliyopita.

"Babu wa babu yangu aliteremshwa hapa
na meli iliyowakamata waliomkamata.
Padri akamuuliza kabila.
Swali hakulielewa. Akataja mto wa kwao.
Padri akaandika mto.
Tangu hapo sisi ni mto, binti,
vizazi vitano, na hakuna kati yetu
anayejua unapita wapi."

Mito haimo katika orodha.
Niliandika Wengineo, nikaona haya.
Jioni nilipojumlisha,
Wengineo ndio waliokuwa wengi.

Nimebakisha nyumba moja.
Mama achambua mtsunga chini ya taa,
mabua upande huu, majani upande ule.
"Kwetu Udigoni mtoto ni wa fuko la mamake.
Sikukuokota. Andika."
Simu nayo yaita: shangazi Apondi, kutoka Homa Bay,
ambaye baba alipokufa alikuja na ng'ombe mmoja na kilio,
na hajaacha kuniita kwa jina la nyanya yake.
"Damu ni ya baba," asema. "Hilo si la kuuliza."
Mama asikia. Aongeza kasi ya kuchambua.

Mimi niliyewauliza watu mia na arobaini,
niliyewaharakisha, bibi na mchele wake,
mzee na miguu yake majini,
kidole changu kimesimama juu ya kioo
mpaka kioo kikazimika chenyewe.

Msimamizi Kyalo apiga: "Umebakisha nyumba moja."
"Naijua," namwambia.
"Basi, tatizo ni nini? Hawapo?"

"Wapo," nasema. "Wapo wengi."