Nyuma ya Karatasi

Jumanne, kipindi cha tatu, Llanelli.
Mvua inachapa madirisha ya chumba cha sanaa,
kompyuta zinanguruma kama paka walioshiba.
Nimewaambia: leo mashine ni ruksa,
ila kila picha igeuzwe,
na nyuma yake muandike kwa penseli
uliomba nini, ukapewa nini, ukakataa nini.

Ffion kaomba bibi yake jikoni.
Sekunde nane, bibi huyo:
mashavu ya tufaha, aproni haina hata doa,
vidole kumi kamili juu ya unga.

"Mwalimu, imekosea."
Nikahesabu. Nikahesabu tena,
maana tumezoea kutafuta cha kumi na moja.
"Mbona viko kumi?"
"Ndiyo kosa. Bibi ana tisa.
Kimoja alikiacha kiwanda cha mabati
mwaka aliozaliwa mama."

Emrys, ambaye mdomo wake hauna breki,
akauliza kumbe mashine ni daktari.
Darasa likacheka. Ffion akaandika upya:
mkono wa kushoto, vidole vinne.
Ikatoa vitano. Ikatoa sita.
Mara ya tano ikauficha mkono mfukoni,
kana kwamba unamwaibisha.

Nami nikamkumbuka baba, Morogoro,
akichora ng'ombe kwenye kuta za mabucha
kwa rangi ya mkopo.
Jicho moja la ng'ombe halikuacha kumfuata mnunuzi.
Chini, pembeni: Fundi Lugendo.
Wapita njia walizipiga picha kuta zile,
picha zikaenda zilikokwenda.
Labda zimo humo, zimesagwa na za wengine,
unga usiojua shamba lake.

Hilo sikuwaambia. Niliuliza tu:
mashine hii ilifunzwa kwa kazi za nani,
na nani aliombwa idhini?
Kimya. Bomba la joto likakohoa.

Kengele ilipolia Ffion alikuwa na makaa
hadi viwikoni. Mkono mkubwa kupita kiasi,
kivuli kimepotea njia,
na pale pa kidole
karatasi ameiacha nyeupe, hakuigusa.

Nikageuza.
*Niliomba bibi. Nikapewa bibi wa watu.
Nilikataa kidole.
Jiko nimeiga la mashine. Mkono ni wangu.*

Nilitaka kumpa kumi kwa kumi.
Nikampa tisa.
Alitazama alama, akanitazama,
akacheka peke yake hadi mlangoni.