Upau wa Kuvuna Jozi

Mwezi Mei nilichora daraja kabla ya daraja:
pau ishirini na tatu zimelala ubavu,
moja chini ya nyingine, kama ngazi iliyoanguka
ikaamua kubaki hapohapo ilipoangukia.
Kushoto majina ya kazi, juu majuma,
katikati mishale: huyu asianze
mpaka yule amalize.

Gocha, msimamizi wa saiti, aliitazama karatasi
akasema, "Lamara, umefuma sweta."
"Nimefuma. Vuta uzi mmoja uone."

Kule Khelari, kwenye milima ya Svaneti,
mafuriko yalilibeba daraja la zamani mwezi Machi.
Tangu hapo watoto wanavuka kwa ndoo ya chuma
inayoning'inia kwenye waya, wawili wawili,
mikoba yao ikisubiri zamu yake ng'ambo.
Nami nilikuwa na tarehe moja tu isiyosogezeka:
kumi na tano Novemba, theluji inapofunga njia
na kreni inageuka mfungwa hadi machipuko.

Nikahesabu kinyumenyume.
Mihimili kutoka Rustavi, siku sita barabarani.
Zege la nguzo, siku ishirini na nane kukomaa.
Zege halipokei chai, halina mjomba wizarani;
ukilibembeleza linakutazama tu, bichi.
Hizo nikazipaka nyekundu, ndiyo njia ya roho:
kila upau umemshika mwenzake mkono
bila hata nafasi ya kupiga chafya.
Nyingine kijivu, zile zenye mwanya.
Barabara ya ng'ambo ilikuwa na siku kumi na moja za ziada.
Nilizilalia kama mto.

Agosti, simu. Upepo unakula nusu ya maneno.
"Kuna mti."
Mti gani?
"Wa jozi. Katikati ya barabara yako ya ng'ambo.
Tsiala, yule fundi wa matrekta, ndiye mwenyewe.
Fidia kachukua, saini katia,
mti ukatwe, hana neno. Ila si kabla hajavuna."
Atavuna lini?
"Zikianguka."
Zitaanguka lini?
Akacheka. "Zichoree mshale, wewe mwenye mishale."

Sheria ilikuwa upande wetu.
Barua ya mistari mitatu ingetosha, na msumeno wa dakika arobaini.
Nilikaa Kutaisi na kompyuta inayonguruma,
nikafungua safu mpya, ya ishirini na nne:
*Kuvuna jozi. Siku tisa.
Wahusika: Tsiala, na vibarua wanne wa Gocha.*
Mshale ukatoka kwenye mti ukaingia kwenye greda.
Jozi na barabara, zikawa jozi.

Bosi Revazi aliweka kidole kwenye skrini.
"Hiki nini?"
Kazi tangulizi.
"Nani anailipia?"
Mwanya.
Akaondoka akitikisa kichwa, bila kuifuta.

Zilichelewa kuanguka. Siku nne, halafu mvua, ya tano.
Kila asubuhi niliuburuta ule upau kulia kidogo,
na kijivu changu kikapungua kama sabuni.
Usiku wa siku ya sita nilimchukia Tsiala, nakiri,
na mti wake, na kila kitu kinachoiva kwa hiari yake.
Siku ya saba Gocha akaandika neno moja: *Zimeanguka.*

Stakabadhi ya kokoto iliyofuata ilikuja na doa
la dole gumba, kahawia iliyokolea.
Maganda ya jozi hayatoki mkononi kwa sabuni;
wiki tatu nzima karatasi zote za saiti
zilibeba alama hiyo, hata ya kukabidhi mihimili,
hata ile ya tarehe kumi na tatu Novemba, ya mwisho.

Sasa tuna mradi mwingine, handaki, bonde jingine.
Nilinakili faili la zamani ili nisianze na ukurasa mtupu,
safu ya ishirini na nne ikaja nayo.
Ndani ya handaki hamna mti.
Nimeondoa jina, nimeondoa mshale.
Siku tisa zimebaki pale, kijivu,
na Revazi bado hajauliza.