Mstari wa Nukta

Vyeti wamenipa mimi niviandike,
kwa kuwa mwandiko wangu, wanasema, hauna haraka.
Karatasi ngumu, pembeni dhahabu ya dukani,
na chini ya maneno "Ametunukiwa kwa"
mstari mmoja wa nukta.
Nimezihesabu. Arobaini na mbili.

Kwandu Lufunga, muuguzi, afya ya akili.
Jina limekaa vizuri, wino haukuvuja.
Sasa hizo nukta.

Niandike nini, mimi karani wa masjala,
ninayemjua kwa mafaili anayorudisha jioni
yakinuka dagaa?

Niandike Igombe?
Alhamisi ya kwanza alikaa uani kwa mama Nyanzala
wakachambua dagaa, mchanga huku, samaki huku,
hakuuliza kitu.
Alhamisi ya pili wakachambua tena.
Ya tatu mama mwenyewe akasema, bila kuinua uso:
"Yupo nyuma. Kwenye banda la mbuzi."
Kwandu akauliza: "Anaitwa nani?"
Maana mtaa mzima ulimjua kwa jina moja tu,
lile linalorushwa pamoja na mawe,
na mama akakaa kitambo, kama apapasaye sindano gizani,
ndipo akalipata:
"Masunga. Nilimwita Masunga."

Mnyororo ulikuwa wa baiskeli. Kufuli la shaba.
Ufunguo uko Geita, mfukoni mwa mjomba
aliyekwenda kuchimba.
Faili linasema: "Mgonjwa ameonwa nyumbani."
Halisemi nani alivuka kuufuata ufunguo,
wala kwa nauli ya nani,
wala mjomba alisema nini kabla hajautoa.

Au niandike pikipiki ya idara
iliyolala bila mafuta tangu vuli mpaka pamba ikavunwa,
na raba zake nyeupe zilizogeuka
rangi ya barabara ya Kayenze?
Au mwezi ule dawa zilipoisha dirishani,
akapita nyumba kwa nyumba kusema zimeisha,
kwa kinywa chake, si kwa tangazo la ukutani,
akatukanwa kwa Kisukuma, akatukanwa kwa Kikerewe,
akarudi, akaomba chai, akalia kidogo ndani ya kikombe,
kisha akaniuliza kama kesho kuna gari?

Na Bugingo, mlinzi wetu wa usiku?
Mtu akifika langoni anapigana na hewa,
Bugingo humwambia: "Ndugu yangu, nishikie tochi,
nifunge kamba ya kiatu."
Mtu hushika. Bugingo hufunga kiatu
taratibu, mafundo mawili, matatu,
mpaka mwanga uache kutetemeka.
Bugingo hayumo kwenye orodha.
Walinzi, wameniambia, ni wa kampuni.

Sherehe wameipanga Alhamisi.
Mgeni rasmi atalivunja jina la Kwandu katikati,
tutapiga makofi ya kilo,
zawadi ni chupa ya chai, nimeiona, ina maua mekundu.
Mwenyewe ameuliza jambo moja tu:
"Itaisha saa ngapi?"

Jana nilikwenda chumba cha dawa kuomba gundi.
Kabati lilikuwa limefungwa kwa kufuli la shaba
lililokwaruzika tumboni, alama ya jiwe,
mtu aliligonga sana siku fulani.
Kwandu akaona ninavyolitazama.
"Bado zima," akasema. "Halmashauri hawajaleta jingine."
Akanipa gundi.

Nimeandika: Aliuliza jina.
Zimebaki nukta ishirini na tisa.
Mhasibu amepita, amezitazama, ameniambia niongezee neno,
uadilifu, kwa mfano, au kujituma,
cheti kisionekane kina njaa.
Nimemwambia wino umeisha.

Haukuisha.
Kulikuwa na karatasi moja ya ziada.
Bugingo Malima, nimeandika, herufi kubwa, bila haraka.
Kwa tochi.
Haina muhuri.
Nitampelekea langoni, usiku,
aisome kwa mwanga wake mwenyewe.