Nipo

Jumamosi usiku, Jinja, ghorofa ya pili,
chumba ambacho kiyoyozi chake kilianza kazi kabla sijazaliwa,
mashine kubwa inahema kama ng'ombe aliyelala.
Haijui kwamba leo tunaihamisha njia.

Miaka thelathini na moja imeita matawi kwa zamu:
Tororo, una neno? Sina.
Soroti, una neno? Ninalo: Apolot katoa elfu themanini.
Moroto, una neno?
Moroto hukawia. Waya wake umepita kwenye mvua na mbuzi.
Lakini Moroto hujibu.

Balidawa, aliyeilisha mashine hii tangu enzi za kanda,
ameketi juu ya kreti ya soda. Hataki kiti, hataki chai,
anataka nimweleze kwa nini herufi A,
ambayo kwake ni mia moja tisini na tatu,
kwangu ni sitini na tano.
"Kumbe mmeshusha bei," anasema.

Njia mpya haina zamu, namwambia.
Kila neno hukatwa vipande,
kila kipande hupewa anwani kikaachwa kijitegemee:
kimoja kitazungukia Kampala, kingine kitakata Mbale,
cha mwisho kitawahi, cha kwanza kitachelewa,
na mlangoni vitajipanga vyenyewe.
"Kama watu wa msibani," anasema.
Hapo sikuwa na la kumpinga.

Programu zenyewe hatukuzigusa.
Aliyeziandika aliondoka zamani, akaacha daftari,
na ndani yake, kwa penseli:
Usifute mstari huu. Sijui kwa nini.
Basi tukaichukua lugha yao ya kale kama ilivyo,
tukaitia katika bahasha mpya,
tukaandika anwani juu.

Saa saba na robo tukahamisha.
Tororo, una neno? Sina.
Soroti, una neno? Sina.
Moroto, una neno?

Moroto, una neno?

Moroto alikuwa akijibu! Majibu yake niliyaona
kwenye skrini yangu, yakifika mazima, hayana kasoro,
ila sekunde mbili nyuma ya subira.
Mashine kubwa ilikwisha kuhesabu:
nimeita mara tatu, kimya mara tatu, Moroto amekufa.
Ikampiga mstari. Ndivyo ilivyofundishwa,
na waliofundisha hawakuwahi kufikiria
kwamba mtu anaweza kuwa hai na asiwe kwa wakati.

Dawa yake ni uongo mdogo, nausema wazi.
Kisanduku kilichopo hapa hapa, hatua mbili kutoka kwa mashine,
tulikifundisha kuitikia kwa niaba.
Mashine ikiuliza Moroto, kisanduku kinasema: nipo.
Huku nyuma, kwa mwendo wake,
neno la kweli linapanda na kushuka vilima likija.

Taa ya Moroto ikawa kijani.
Balidawa akainuka kwenye kreti.
"Na siku Moroto akifa kweli?"
Kisanduku kitajua, nikasema, baada ya muda.
"Muda gani?"
Nikafungua kitabu kutafuta namba.
Kitabu kinasema: weka unayoona inafaa.

Saa kumi simu ikatetema mfukoni.
Mama yangu, Kitgum, huamka kabla ya ndege
na kutuma neno moja tu: Upo?
Nami tangu mwaka juzi nimeiwekea simu jibu la kujituma:
Nipo, Mama. Niko kazini.
Nikaliona likiondoka lenyewe
kabla kidole changu hakijafika.

"Nani huyo?" Balidawa akauliza.
Sikujibu. Nilitoka koridoni, nikampigia.
Ikaita mara moja.
Ikaita mara ya pili.
Nikajikuta nahesabu.