Nakala Tisa

Karatasi waliileta Jumatatu, imekunjwa mara nne,
ina doa la mchuzi pembeni.
Duka langu liko mkabala na ghala, hapa Nachingwea:
kompyuta moja, mashine ya kudurufu, jenereta la mkopo.
"Tuchapie, Mwanahawa. Tunaitaka leo."

Mwongozo wa Hiari wa Wanunuzi wa Mbaazi.
Vifungu sita. Cha kwanza, mizani iwe sawa.
Cha pili, bei ikishatamkwa isigeuke gari likishapakiwa.
Cha tatu kilisema *atalipa* ndani ya siku kumi na nne,
na Bwana Lipande akainama juu ya bega langu,
ananukia sabuni ya gesti,
akasema, hapo weka *atajitahidi kulipa*.
Nikafuta neno moja, nikaweka mawili.
Ukurasa ni mia mbili. Sitozi kwa uzito wa maneno.

Nikauliza adhabu inakaa kifungu cha ngapi.
Wakacheka, si kwa ubaya.
"Dada, hiari yashinda utumwa."

Nane wakachukua wao.
Ya tisa nikaitia plastiki, ikapigiliwa juu ya mizani,
pale ambapo mtu akiinua macho kuisoma
haioni tena sindano.

Alhamisi, Somoe Nandonde akashuka kwenye bodaboda
na mfuko wa saruji,
uzi wa kiwandani bado mdomoni.
Tukadhani anajenga.
Akapanga foleni nyuma ya magunia,
ameukalia mfuko wake
kama mtu aliyewahi mno msibani.

"Pima."
"Mama, hii si mbaazi."
"Naiona. Pima."

Sindano ikapanda, ikatetemeka,
ikatulia arobaini na saba.

Sasa, saruji haina ukoo Nachingwea.
Haina unyevu wa kusingiziwa,
haina wadudu, haina makapi,
haidaiwi ada ya mtoto hata ikubali chochote.
Ubavuni imeandikwa hamsini
na watu wasiomjua Somoe.

Kilo tatu zikasimama katikati yetu, uchi.
Mwaka jana niliuza hapo magunia kumi na moja.
Nikahesabu kwa vidole chini ya kanga:
thelathini na tatu, kwa uchache,
na ya kaka yangu sijagusa.

Hakuna aliyepiga kelele.
Bwana Lipande akaisoma ile plastiki
kidole kikifuata mstari, kama mgeni wa maandishi yake.
Kisha akaomba bisibisi.
Chitanda mpimaji akasema bisibisi hana.
Lipande akatoa sarafu, mia mbili,
akaizungusha skrubu: robo. Robo tena.
Saruji ikafika hamsini.

"Nimerekebisha kwa hiari yangu," akasema. "Karani, andika."
Karani akaandika.
Watu arobaini tulikuwa tumesimama pale
na hiari yake ilikuwa inatutazama sote, mmoja mmoja.

Siku ya kumi na nne ikapita kama siku nyingine.
Ya ishirini na moja pesa zikaingia,
za wanunuzi watano.
Watatu bado wanajitahidi.
Neno lile nililichapa mimi. Nikipita ghalani
nalisoma upesi, kama jina la mtu ninayemdai
au anayenidai.

Mfuko Somoe aliuacha palepale.
Mvua za Desemba zikapenya bati, saruji ikaganda,
imekunywa maji, haiaminiki tena kwa kilo.
Msimu ujao tutahitaji mpya,
na katika vifungu sita
hakuna kinachosema nani atainunua.

Jana usiku, kabla jenereta halijazima,
nilichapa orodha fupi isiyo na kichwa:
majina, na mbele ya kila jina, mia tano.
Asubuhi wa kwanza kufika alikuwa Chitanda mpimaji.
Akaisoma juu hadi chini,
akalipa,
hakuuliza kama ni hiari.