Nyuzi Sabini na Nane

Saa kumi na moja alfajiri, geti la Malindi,
askari wa bandari anagonga sanduku langu kwa kalamu.
"Ndani mna nini?"
Kanuni.
"Kanuni zipi?"
Anadhani namtania. Nafungua.
Anazitazama nyuzi kama mtu aliyefunua chungu
akakuta saa ya ukutani.
Haya, pita, lakini ulipe tikiti ya pili:
kitu kirefu hivi ni abiria.

Nimeilipia. Nauli yake sawa na yangu,
ila yenyewe haitapiki.

Mkondo wa Pemba haujui kama tuna shughuli.
Bi Time, ambaye wenye harusi humgombania,
amejiinamia na mfuko,
hana sauti, hana maringo, ana limau tu mkononi.
Shaame wa fidla anatunga uongo
kuhusu mawimbi ya mwaka juzi.
Machano, katibu wetu, anahesabu vichwa,
na kila akihesabu tunapungua mmoja:
hajihesabu mwenyewe.
Mimi nimelibana sanduku kwa magoti,
na chini ya ngurumo ya mashine nasikia
uzi umekatika. Tin.
Halafu wa pili.

Mkoani kulikuwa na jua na chai ya tangawizi
na mkate wa kumimina ungali moto,
tukasahau. Mtu akishiba husema safari njema.
Faki aliyetumwa kutupokea alikuja na gari la matofali,
akatupangusia vumbi kwa kofia yake.
Njiani karafuu zimeanikwa hadi ukingo wa lami,
anapinda huku, anapinda kule, asizikanyage,
na kila akipinda tunagongana mabega, tunacheka,
na Bi Time, sauti imerudi,
anamtukana Faki kwa mahadhi.

Wete, tukashuka.
Turubai limesimama. Taa za rangi zimetundikwa.
Wanaume wamekaa majamvini kimya
na hakuna anayetutazama usoni.
Bibi mzaa mama wa bwana harusi, aliyemlea tangu mchanga,
alikwenda alfajiri ile ile
tuliyokuwa tukibishania tikiti.

Harusi ni shughuli, na msiba nao shughuli;
lugha yetu haikujisumbua kutafuta neno jingine.
Ng'ombe alikwishachinjwa. Pilau ikaliwa.
Shaame akapokezana jeneza na watu asiowajua,
Machano akashika jembe kaburini
amevaa viatu vya jukwaani,
mimi na Bi Time uani, mikono ndani ya povu,
sahani kwa mamia,
na magauni yetu ya kumetameta yamebaki begini
kama watoto waliokatazwa kutoka nje.

Usiku, gesti. Umeme hakuna.
Kwa tochi ya simu nikafunga nyuzi mbili mpya,
nikashika ufunguo, nikakaza, nikalegeza,
nikizigusa kwa kucha tu.
Sikupiga wimbo. Kutia sauti si kupiga.
Mwenye gesti akasimama mlangoni, kanga ya kulalia kichwani:
"Hiyo ndiyo taarabu yenu?"
La, mama. Naiamsha tu.
Akakaa kizingitini mpaka nikafika wa sabini na nane.
Hakutunza hata shilingi.
Alisema: "Pale katikati, mmoja haujakaa."
Nikarudia.
Na kweli, haukukaa.

Asubuhi bwana harusi akatupa nusu ya nauli,
akiomba radhi kama aliyetuibia.
Tungerudi baada ya arubaini?
Machano akafungua daftari, akaandika tarehe,
akaipigia mstari chini, mara mbili,
maana nusu iliyobaki ipo hapo.

Bandari ya Mkoani. Askari mwingine, kalamu nyingine.
"Ndani mna nini?"
Nimechoka. Abiria, nikasema,
na tikiti yake hii hapa.
Akanitazama. Akalitazama sanduku.
Akainama, akalibishia hodi kwa adabu,
ngo, ngo,
na kutoka gizani, zote kwa pamoja,
nyuzi zikaitikia.